Msasa Ndio Adui: Kuthamini Bunduki Kuukuu ya Kijeshi

Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuiteka Tanga, kampuni nyingi za askari wa jeshi la Kijerumani zilikuwa bado zinatumia Mauser ya mwaka 1871. Ilipiga risasi moja moja, nene ya milimita 11, kwa baruti nyeusi. Baruti ya aina hiyo ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hubaki chembe za chumvi za potasiamu zinazotanda hewani, na huo ndio moshi mzito uliomtangaza kila aliyefyatua. Wafaransa walikuwa wameiaga shida hiyo tangu 1886, walipoleta bunduki ya Lebel na baruti isiyo na moshi aliyoibuni Paul Vieille. Kwa hesabu za vita, Mauser ya 1871 ilikuwa imeshapitwa na wakati.

Leo bunduki hiyohiyo, ikiwa haijachezewa, hugombewa minadani Ulaya na Marekani. Ubora wa silaha vitani na bei yake mnadani ni mambo mawili mbalimbali. Mkusanyaji mchanga hutafuta kinachong'aa, ilhali wazoefu hulipia ushahidi: nani aliitengeneza, mwaka gani, ilipita kikosi gani, na kama yupo aliyefuta chochote njiani. Ndiyo maana mimi ningemshauri anunue lenzi nzuri na vitabu viwili vitatu vya alama za viwanda kabla hajagusa bunduki yoyote.

Tuchukue Gewehr 98, Mauser iliyopokewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1898 na kupigana Vita Kuu ya Kwanza. Weusi wa mtutu wake si rangi ya kupaka. Fundi aliupaka mtutu dawa ya tindikali, akauacha ushike kutu kwa makusudi, kisha akauchemsha majini. Maji ya moto huigeuza kutu nyekundu kuwa magnetiti, oksidi nyeusi ya chuma inayoshikamana na kuchelewesha kutu mpya. Akausugua kwa brashi, akarudia tena na tena, mpaka ukapata weusi mzito usiometameta. Njia ya kuchovya chuma kwenye chumvi za moto, kostiki soda na nitrati zinazochemka kwenye nyuzi 140 hivi za Selsiasi, ilienea viwandani miaka ya 1930, nayo huacha weusi unaong'aa.

Basi ukioneshwa Gewehr 98 ya mwaka 1908 iliyo nyeusi tii kila mahali, uliza maswali. Fremu yake, yaani sehemu inayoshika mtutu na bolti, ilitoka kiwandani ikiwa chuma cheupe. Ni karibu na mwisho wa vita ndipo fremu zilipoanza kutiwa weusi. Weka lenzi juu ya vishimo vya kutu. Kama weusi umeshuka hadi ndani ya kishimo, kishimo kilitangulia na weusi ukafuata, maana yake bunduki ilitiwa weusi upya. Kisha tazama namba. Chapa ikigongwa, chuma hukimbilia pembeni na kuinuka ukingo mdogo kuzunguka herufi. Akipita mtu na msasa ule ukingo hutoweka, na herufi huonekana kama zimezama kwenye sabuni. Chapa iliyogongwa juzi na mghushi nayo hujulikana, kwa sababu chini yake huwa cheupe wakati chuma kilichoizunguka kimezeeka.

Namba zenyewe ni somo. Wajerumani walihesabu hadi karibu elfu kumi, wakaanza upya kwa kuongeza herufi: a, b, c. Kwa hiyo 4217a na 4217c ni bunduki mbili tofauti kabisa, na herufi hiyo ndogo ndiyo wageni wengi huipita bila kuiona. Namba hiyo, nzima au tarakimu zake mbili za mwisho, iligongwa kwenye bolti, mbao, vilengeo, hata skrubu. Haikuwa pambo. Bolti ilirekebishwa ikae sawasawa kwenye fremu yake, na nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi ikizidi, ganda laweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Fundi wa jeshi hakutaka vipande vichanganyike. Mkusanyaji naye hataki, na bolti ya kuazima hushusha bei sana.

Usidhani namba zikifanana mambo yamekwisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wasovieti walizifungua bunduki za K98k, Mauser fupi za Wajerumani, walizoziteka, wakachanganya vipande, wakatia weusi upya na kuandika kwa kalamu ya umeme namba ya fremu kwenye bolti isiyo yake. Ni bunduki halali na ina historia yake, lakini si ile iliyotoka kiwandani, na muuzaji anayeinadi kuwa namba zote zinalingana anakuficha nusu ya habari.

Mbao hudanganya vizuri zaidi kuliko chuma, labda kwa sababu watu hudhani kusafisha mbao ni adabu. Kitako cha jozi kilitoka kiwandani kikiwa kimeinuka kidogo kuliko chuma kinachopakana nacho. Pitisha kidole kwenye maungio: ukisikia mbao iko chini ya chuma, msasa umepita. Mhuri wa mkaguzi ulibonyeza nyuzi za mbao, na msasa ukishaukwangua haurudi. Fungua pia bendi inayofunga mbao kwenye mtutu, kama mwenye mali ameruhusu. Wanajeshi wa Marekani waliotaka kurudi nyumbani na K98k mwaka 1945 walikata mbao chini ya bendi ili bunduki iingie kwenye begi. Ikirudishiwa vizuri, mkato hauonekani mpaka bendi itoke.

Ndani ya mtutu kuna kemia nyingine. Fataki za kuwashia baruti kwenye risasi za zamani zilikuwa na potasiamu klorati, ambayo ikilipuka huacha potasiamu kloridi, chumvi ndugu wa ile ya mezani. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na mifereji ya mtutu huliwa. Mafuta hayaiyeyushi, maji ndiyo huiondoa, na mwanajeshi aliyepaka mafuta tu aliifungia chumvi ndani.

Kuna kasoro isiyoonekana hata kwa lenzi. Kwenye kiwanda cha Springfield, Marekani, wahunzi waliotengeneza bunduki ya 1903 walipima joto la chuma kwa kutazama rangi yake. Siku ya jua kali chuma huonekana hafifu kuliko kilivyo, nao wakazidisha moto. Vipimajoto vilipoletwa, tofauti ilionekana kufika nyuzi 300 za Farenhaiti. Chuma kilichochomwa hivyo huwa kigumu lakini hukatika kama kigae, na fremu kadhaa zilipasuka. Namba za kiwanda hicho zilizo chini ya 800,000 bado zina wapenzi wengi, wa kuzitundika, si kuzipiga.

Halafu kuna hadithi, na hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Herufi K.S., za Kaiserliche Schutztruppe, jeshi la makoloni ya Kijerumani, huongeza bei mara moja, nazo ni herufi mbili tu ambazo mwenye nyundo anaweza kuzigonga jioni moja. Mwingine atakuambia Gewehr 98 yake yenye vishimo ilitoka kwenye Rubens, meli iliyoleta silaha Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, Aprili 1915, ikashambuliwa na Waingereza na shehena yake ikaopolewa majini. Yawezekana. Lakini chumvi ya bahari na chumvi ya fataki huchimba chuma kwa namna ileile. Bila hati au picha ya zamani yenye namba, hiyo ni Gewehr 98 yenye kutu, na ilipiwe hivyo.

Sheria nayo huingia kwenye bei. Marekani, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa kuwa ya kale, hivyo Mauser ya 1871 huuzwa kwa masharti mepesi kuliko mdogo wake wa 1908. Afrika Mashariki silaha ni suala la leseni. Ukikuta Mauser au gobori darini kwa babu, usiivute bolti wala kuchungulia mtutu, kwani risasi ya zamani huweza kuwa bado nzima. Iache ilipo, uwaarifu polisi, na uwaombe makumbusho waitazame kabla haijaharibiwa.