Kwenda Kibaha kwa Kijapani: Vijineno vya Mwendo (Sehemu ya Pili)

Makala iliyotangulia ilieleza kwamba kitenzi cha Kijapani hukaa mwishoni mwa sentensi, na kwamba uhusiano wake na kila nomino huonyeshwa na vijineno vifupi vinavyoifuata nomino hiyo, tofauti na vihusishi vya Kiswahili ambavyo huitangulia. Sehemu hii inahusu vijineno vya mwendo, ambavyo humtatiza Mswahili kwa sababu lugha yake, inapotaja mahali kwa jina, haihitaji kijineno chochote.

Konda wa daladala pale Mbezi hunadi "Kibaha, Kibaha!" na abiria wakapanda. Hata sentensi kamili haiongezi kitu, kwani husemwa "Asha anakwenda Kisarawe", "Asha anatoka Kisarawe" na "Asha anakaa Kisarawe", jina likabaki lilelile mara zote tatu na mwelekeo ukabebwa na kitenzi peke yake. Nomino za kawaida hupata kiambishi tamati -ni, lakini nacho hakibagui, maana mtu huenda sokoni, hutoka sokoni na hushinda sokoni. Kijapani hubagua: kwenda ni *Kisarawe ni iku*, kutoka huko ni *Kisarawe kara kuru*. Kwa hiyo kufanana kwa *ni* ya Kijapani na -ni ya Kiswahili ni sadfa tu, tena sadfa inayopotosha, kwa kuwa anayekuja kutoka sokoni hawezi kuitumia *ni* kwa soko alilotoka.

Kijineno cha pili ni *e*. Penye vitenzi vya kwenda, kuja na kurudi, *e* na *ni* hupokezana bila kosa, ila *e* hutazama upande mtu anakoelekea, na *ni* hutazama mahali anapofikia. Daraja zuri kwa Mswahili ni vitenzi vyake mwenyewe, "kuelekea" na "kufika", kuliko neno "kwa" ambalo wanafunzi wengi hulikimbilia. Tofauti hujitokeza wazi katika mazingira mawili: kupanda basi ni *basu ni noru*, ambapo *e* haikubaliki, na barabara ya kwenda Kibaha ni *Kibaha e no michi*, ambapo *no*, yenye kazi ya -a unganifu, huifuata *e* lakini haiwezi kuifuata *ni*.

Cha tatu ni *made*, kinacholingana na "hadi" au "mpaka", yaani kikomo cha safari. Mtu akitembea kwa miguu kutoka Kiluvya hadi Kibaha husemwa *Kiluvya kara Kibaha made aruku*, na hapo *ni* ingesikika vibaya, kwa sababu kitenzi *aruku* hueleza namna ya mwendo na hakina mwisho ndani yake.

Mwanafunzi na aanze na *ni*, aongeze *made* penye kikomo, na akumbuke kwamba *e* hii huandikwa kwa herufi inayosomwa *he* penginepo.