Kwa nini ndege za kijeshi hugongana zikiruka pamoja?

Na Mwandishi Wetu

WANAJESHI wa Marekani walioruka kutoka Stuttgart, iliyokuwa Ujerumani Magharibi, Agosti 11, 1955, walikuwa katika mazoezi ya kawaida. Ndege 9 za mizigo aina ya C-119 ziliondoka kwa kundi. Muda mfupi baadaye, mbili kati yake ziligongana karibu na kijiji cha Edelweiler na watu wote 66 waliokuwamo wakapoteza maisha.

Taarifa za wakati huo zilieleza kuwa moja ya ndege hizo ilipata hitilafu ya injini na kushuka, kisha ikapanda tena na kuigonga nyingine.

Inakuwaje marubani wenye mafunzo, wanaojua fika kwamba wenzao wako jirani, wagongane?

Jibu liko katika jinsi msafara wa namna hiyo unavyoongozwa. Ndege za abiria zinazopishana hutenganishwa na waongozaji walioko ardhini kwa kimo kisichopungua futi 1,000, au kwa maili kadhaa kwa upande. Kundi la kijeshi, kwa kawaida, huhesabiwa na waongozaji hao kuwa ni ndege moja tu. Kiongozi wa msafara ndiye anayezungumza nao. Umbali kati ya ndege na ndege ni dhamana ya marubani wenyewe.

Na dhamana hiyo ni nzito. Ikiwa ndege ya nyuma inaizidi ya mbele kwa mwendo wa kilomita 10 tu kwa saa, pengo la mita 100 humalizika kwa sekunde 36. Aidha, rubani wa ndege kubwa haoni kilicho juu ya paa lake wala chini ya sakafu yake, hivyo anayeshuka na kupanda tena anaweza kuwa anaelekea mahali asipopaona. Ncha za mabawa nazo huacha nyuma hewa inayozunguka kwa nguvu, ambayo huweza kuiyumbisha ndege inayofuata.

Pengine msomaji atashauri kwamba ndege hizo ziachane tu. Hilo lilitokea usiku wa kuamkia Juni 6, 1944, pale zaidi ya ndege 800 zilizobeba askari wa miamvuli wa Marekani zilipokwenda Normandy, Ufaransa. Baada ya kuingia mawinguni, marubani wengi walitawanyika wakihofia kugongana. Askari wakaangushwa mbali na malengo yao, wengine peke yao gizani katikati ya adui. Kikosi kinachoshuka pamoja hupigana pamoja. Ndiyo maana majeshi hayajaacha mtindo huu.

Baadaye, ndege nyingi za mizigo za Marekani zilifungwa vyombo vinavyomwonyesha rubani nafasi za wenzake hata gizani na mawinguni. Hata hivyo, Novemba 30, 1992, ndege 2 aina ya C-141 kutoka kituo cha McChord, jimbo la Washington, ziligongana usiku karibu na mji wa Harlem, Montana, zikiwa katika mazoezi ya kujaza mafuta angani. Watu wote 13 waliokuwamo walikufa.