Mbwa wa kulinda gari afunzwe kuacha kabla ya kuuma

SAA nane usiku, si ajabu kukuta pikapu iliyosheheni viazi kutoka Kinangop ikiwa imeegeshwa karibu na soko la Wakulima, maarufu kama Marikiti, jijini Nairobi, ikisubiri zamu ya kupakua. Dereva anasinzia kwenye usukani, utingo amejikunyata juu ya magunia, na pesa za mauzo ya jana ziko chini ya kiti. Huo ndio wakati ambapo wezi hukata turubai, hunyonya mafuta ya tangi au hung'oa betri.

Kwa kuhofia hasara ya aina hiyo, wapo wakulima na wafanyabiashara wanaoamua kusafiri na mbwa. Hoja yao ina mashiko. Mwizi hupendelea gari lililo kimya, naye mbwa husikia na kunusa hatari kabla ya binadamu kuamka. Hata hivyo, mbwa huyo huyo aweza kumrarua hamali aliyekuja kupakua mzigo, mama anayeuza chai au mtoto anayeelekea shuleni. Hapo akiba ya miaka mitatu huishia hospitalini na mahakamani.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa anayetaka mbwa wa gari si kama mbwa huyo ni mkali. Swali ni je, akiambiwa aache, ataacha?

Gari humfanya mbwa awe mkali

Gari ni chumba kidogo, na mbwa hukigeuza haraka kuwa himaya yake. Mtu anapita, mbwa anabweka, mtu anaenda zake. Mpita njia alikuwa na safari yake, lakini mbwa haelewi hivyo. Kwake, kubweka ndiko kulikomfukuza adui. Jambo hili likirudiwa mara hamsini kwa siku sokoni, mbwa huhitimu bila mwalimu, akiamini kwamba kila anayekaribia ni wa kushambuliwa. Isitoshe, ndani ya gari hana pa kukimbilia, na mnyama aliyebanwa huuma hata kwa woga.

Wengine huongeza tatizo kwa kumfungia mbwa gizani mchana kutwa, kumlisha pilipili au kuwaruhusu watoto wamchokoze ili awe mkali. Mbwa wa namna hiyo hupata woga na uchungu, wala hajifunzi kutofautisha mwizi na mteja. Mbwa mzuri wa ulinzi ni mtulivu. Huanza kuzoeshwa watu, magari na kelele akiwa mdogo, hasa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne, kipindi ambacho hupokea mambo mageni bila hofu kubwa.

Ujerumani, ambako chama cha wafugaji wa mbwa aina ya German Shepherd kiliundwa mwaka 1899, utaratibu ni huo huo. Kabla ya mtihani wa ulinzi, mbwa lazima apite mtihani wa utiifu unaojumuisha kutembea kwa utulivu mahali penye watu, baiskeli na magari. Mtihani huo wa utiifu haufanywi kabla ya umri wa miezi 15, na wa ulinzi si kabla ya miezi 18. Katika ulinzi, mbwa asipoachia baada ya amri ya kwanza na mbili za nyongeza, huondolewa. Ujasiri wake haumwokoi.

Hatua za mafunzo

Mafunzo huanza gari likiwa limesimama nyumbani, injini imezimwa. Mbwa apewe chakula ndani ya gari kwa siku kadhaa ili apaone kuwa mahali pa kutulia. Akishazoea, injini iwashwe, kisha safari fupi za dakika tano zifuate.

Hatua ya pili ni mlango. Mlango ukifunguliwa, mbwa asishuke hadi aambiwe. Akijaribu kuruka, mlango ufungwe taratibu. Akitulia, apewe kipande cha nyama na aruhusiwe kushuka. Zoezi hili lirudiwe kila siku, kwani ajali nyingi hutokea dereva anapofungua mlango akiwa na haraka.

Hatua ya tatu ni kunyamaza. Mbwa aruhusiwe kubweka mara mbili au tatu mtu anapogusa gari, kisha aambiwe "nyamaza" na atuzwe akitii. Mlinzi asiyekoma kubweka hana maana, kwa sababu mwenye gari huzoea kelele zake na kuendelea kulala.

Hatua ya nne ni neno "acha". Mbwa akiwa ameshika kamba au gunia kuukuu, aonyeshwe kitu anachokipenda zaidi, aambiwe "acha", na akiachia apewe. Asipigwe wala kuvutwa kwa nguvu, maana kuvuta humfanya ang'ang'anie. Amri ziwe chache, ziwe za lugha moja, na dereva na utingo wazitumie kwa namna ile ile. Mbwa anayemtii tajiri peke yake ni hatari siku ambayo tajiri hayupo.

Mafunzo ya kuuma, kama yanahitajika, yaachiwe mkufunzi mwenye uzoefu na vifaa vya kujikinga. Kwa wafanyabiashara wengi hayahitajiki. Mbwa anayebweka kwa wakati na kunyamaza akiambiwa ametimiza kazi yake.

Kizimba, joto na safari

Mbwa asifungwe kwa kamba nyuma ya pikapu iliyo wazi. Akiruka, hunyongwa na kamba hiyo. Asikae pia kiti cha mbele bila kufungwa. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla, mbwa huendelea mbele kwa mwendo ule ule na kumgonga dereva au kioo. Kizimba cha wavu wa chuma kilichofungwa imara, chenye kivuli na maji, ndicho salama. Pia huwazuia wapita njia wasiumwe.

Joto nalo huua. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu, joto ndani ya gari lililofungwa laweza kufikia nyuzi 34 kwa dakika 10 na nyuzi 43 kwa nusu saa. Kuacha nafasi ndogo dirishani hakusaidii sana. Mbwa hapoi kwa kutoka jasho kama binadamu. Hutegemea zaidi kuhema, na akivuka nyuzi 41 mwilini yuko hatarini. Mbwa wa gari basi ni mlinzi wa usiku. Mchana ashuke na mwenyewe.

Sheria na kichaa cha mbwa

Nchini Kenya, mwenye mnyama anayejua kwamba ni mkali aweza kudaiwa fidia mtu akijeruhiwa. Kibao cha "Mbwa Kali" hakimwondolei lawama. Chaweza hata kuonyesha kwamba alijua. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, nayo inakataza kusafirisha mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya lazima kwa mwenye busara. Itolewe mbwa akifikisha miezi mitatu na irudiwe kila mwaka, na cheti kikae garini. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Dalili za ugonjwa huo zikishaonekana kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Hesabu kabla ya kununua

Mbwa wa kilo 30 hula takriban nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku. Hiyo ni kilo 15 kwa mwezi na kilo 180 kwa mwaka, uzito wa magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Juu yake kuna chanjo, dawa za minyoo na kupe, kizimba, ujira wa mkufunzi na muda wa kila siku wa mazoezi.

Mwenye gari na aandike upande mmoja gharama hizo, na upande wa pili alichopoteza kwa wizi katika miezi 12 iliyopita: mafuta, betri, gurudumu la akiba, magunia. Hasara ikiwa ndogo kuliko gharama, kufuli ya tangi, mnyororo wa betri na kuchangia mshahara wa mlinzi mmoja na wenzake sokoni kutamfaa zaidi. Hasara ikiwa kubwa, mbwa ni mtaji. Lakini auweke shambani kwanza, ufunzwe, na usipande gari hadi siku utakapotii neno "acha" mbele ya umati wa watu.