Keya Mdogo: Jinsi ya Kufinyanga na Kupaka Rangi Askari wa Sanamu

Siku ya wazazi iliyopita nilileta shuleni ubao mmoja, ukubwa wake kama meza ndogo ya chai, na juu yake askari saba wa sanamu wakipita katika matope. Wanafunzi walinizunguka wakaniuliza maswali mengi kuliko niliyoweza kuyajibu kwa siku moja. Mmoja alitaka kujua kama niliwanunua Ulaya. La, sikuwanunua. Niliwafinyanga mwenyewe hapa Arua, na kazi hiyo yaweza kufanywa na kijana yeyote mwenye macho mazuri na subira. Basi nimeona yafaa niandike habari zake, ili atakaye ajaribu.

Kwanza nieleze maana ya kazi yenyewe. Mandhari ndogo ya namna hii huitwa daiorama. Ni mfano wa mahali fulani na saa fulani, pamoja na watu wake, ukapunguzwa hata ukaenea mezani. Si mchezo wa watoto tu. Mwaka 1838 ofisa mmoja Mwingereza, William Siborne, alionyesha London mfano mkubwa wa vita vya Waterloo vilivyopiganwa mwaka 1815. Kabla ya kuutengeneza alikaa miezi minane palepale vitani akipima mashamba na vilima, kisha akawaandikia maofisa waliokuwa hai bado, akiwauliza kila mmoja alikuwa wapi na aliona nini. Hapo tunapata sharti la kwanza la kazi hii: uliza kabla ya kufinyanga. Ila Siborne aliwauliza maofisa. Sisi hapana budi tuwaulize pia askari wa kawaida, au watoto wao.

Askari wangu ni wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita keya. Jeshi hilo lilianzishwa mwaka 1902, na kikosi chake cha nne kilikuwa cha Uganda. Watu wa West Nile waliingia humo kwa wingi. Katika Vita vya Pili vya Dunia kikosi hicho kilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Mwaka 1944 divisheni hiyo ilipelekwa Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar, ikawasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika. Barabara ziligeuka matope, malaria ilikuwa nyingi, na chakula mara nyingi kilidondoshwa na ndege kwa miavuli. Mwezi wa Desemba mwaka huo walifika Kalewa, wakavuka mto Chindwin. Saa niliyoichagua mimi si ya kupiga bunduki. Ni saa ya kutembea, maana vita vingi ni kutembea.

Sasa tuingie kazini. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni moja kwa thelathini na tano, yaani kila kitu hugawanywa kwa 35. Mtu mwenye urefu wa sentimita 170 atakuwa na milimita 49 hivi. Bunduki yake ya Lee-Enfield, ambayo urefu wake ulikuwa kama mita moja na sentimita 13, itakuwa milimita 32. Andika hesabu zote kwenye karatasi kabla ya kugusa udongo. Ukikosea kipimo cha bunduki, mtu mzima ataonekana mtoto aliyebeba mti.

Mifupa hutengenezwa kwa waya mwembamba, kama ule ambao watoto wetu hutengenezea magari. Kata vipande viwili, uvisokote pamoja vifanye mgongo, kisha uvitenganishe vifanye miguu; kipande cha tatu kiwe mikono. Hapa ndipo mtu wako huzaliwa, maana mkao hutoka katika waya, hautoki katika nguo. Mtu aliyebeba mzigo huinamisha kiwiliwili mbele. Anayekanyaga matope huinua goti kuliko kawaida. Ukiwa na shaka, beba gunia la mihogo, umwombe mwenzako akutazame unavyotembea.

Juu ya waya huja nyama. Askari wangu wa kwanza nilimfinyanga kwa udongo wa mto Enyau, kwa sababu ulikuwa karibu na haukuwa na bei. Siku ya tatu alipasuka kifuani na mapajani. Sababu yake ni rahisi: udongo ukikauka hunywea, lakini waya ulio ndani haunywei, basi udongo hauna budi kupasuka. Tangu siku hiyo udongo wa mfinyanzi nautumia kwa mazoezi tu, bila waya. Kwa sanamu zenyewe natumia gundi ya mafundi wa mabomba, ile yenye sehemu mbili ambazo zikikandwa pamoja hugeuka jiwe. Hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Kanda kidogo kidogo, maana baada ya muda mfupi haifinyangiki tena. Osha mikono vizuri baadaye. Wala usijaribu kuyeyusha risasi kama walivyofanya watengenezaji wa zamani, kwa kuwa risasi ni sumu.

Usivae mtu nguo kabla hajapata mwili. Finyanga kwanza mtu mwembamba asiye na nguo, mwache akauke usiku kucha, kisha umvike shati na suruali kwa tabaka jembamba. Tazama mikunjo ya nguo zako mwenyewe. Utaona kwamba mikunjo haitokei ovyo. Huanza pale nguo inapovutwa, yaani kwapani, kiwikoni, gotini na chini ya mkanda. Kwa vyombo natumia sindano, mwiba, na kijiti cha mwanzi kilichochongwa. Chovya sindano katika maji ili isinate.

Mavazi yanataka uangalifu. Keya wa kabla ya Vita vya Kwanza na keya wa Burma si mtu mmoja. Yule wa kwanza twamwona pichani amevaa kofia ya tarbushi, na mara nyingi hana viatu. Yule wa Burma alivaa kofia pana, nguo za kijani za msituni na viatu vya ngozi, na kiunoni alikuwa na mikoba ya turubali na panga. Ukichanganya hao wawili, aliyesoma historia atacheka. Jumba la makumbusho ya vita la London, Imperial War Museum, lina picha za divisheni hii zilizopigwa Burma, na picha hizo ni mwalimu mzuri.

Baada ya mwili huja uso, na hapa nitasimulia habari iliyonifundisha kuliko vitabu. Nilipomaliza askari wa pili, ambaye hakupasuka, nilimchukua mpaka Koboko kumwonyesha mzee mmoja ambaye baba yake alikuwa keya wa Burma. Mzee alimgeuza geuza mkononi, kisha akaniuliza, “Mwanangu, huyu ni nani?”

Nikamjibu, “Ni keya, mzee.”

Akasema, “Nguo ni za keya. Lakini huyu ni Mzungu uliyempaka masizi.”

Niliona haya, maana alisema kweli. Uso ule niliuiga kutoka kwa picha ya sanamu za dukani, ambazo nyingi hufanywa kwa mfano wa Wazungu, na mimi nikadhani rangi itatosha kumgeuza. Rangi haigeuzi fuvu. Nikamwomba mzee anionyeshe picha ya baba yake. Akasema hana. Ilikuwapo moja tu, ukutani, na ilipotea mwaka 1980, vita vilipofika West Nile na watu wakakimbilia Sudan na Kongo na walichoweza kubeba kichwani. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na wajukuu hawajui sura ya babu yao.

Tulikaa chini ya mwembe mpaka jioni. Aliniambia baba yake alikuwa na paji pana, mashavu yaliyobonyea kidogo, na sikio moja lililokatika ncha. Kofia aliiinamisha upande wa kulia hata alipokuwa shambani. Kisha mzee akamwita mwanawe wa pili, akasema, “Tazama taya la huyu. Ndilo lile lile.” Nikachora yote katika daftari. Nilipoondoka nilikuwa na kazi nyingine kabisa. Zamani nilikuwa natengeneza askari, sasa nilikuwa namtafuta mtu.

Kichwa kizima katika kipimo chetu ni milimita sita na nusu hivi, basi usijaribu kukifinyanga kikiwa shingoni. Kichomeke juu ya kijiti peke yake. Anza na yai dogo, ubonyeze mashimo mawili ya macho, uongeze pua, kisha midomo, kisha taya. Masikio ni ya mwisho. Usichore kila kitu. Alama ikiwa kubwa mno huharibu uso. Vichwa vinane nilivitupa kabla ya kupata kimoja.

Rangi nazo zina sheria zake. Paka kwanza tabaka jembamba la rangi ya kijivu, ili rangi nyingine zishike. Kisha tumia rangi za maji za wachoraji, zilizopunguzwa hata ziwe kama maziwa. Tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene. Kwa ngozi yetu usitumie rangi nyeusi. Hakuna mtu mweusi kama chungu. Tazama mkono wako juani. Anza na rangi ya kahawa yenye wekundu kidogo. Kwa vivuli, chini ya shavu na shingoni, ongeza samawati kidogo sana. Kwa mahali panapopata mwanga, yaani paji, ncha ya pua na mifupa ya mashavu, ongeza rangi ya chungwa au ya udongo wa manjano. Usiongeze nyeupe, kwani nyeupe huifanya ngozi ionekane ya kijivu kama mtu mgonjwa. Hata nyeupe ya jicho isiwe nyeupe kabisa.

Kwa nguo fuata sheria hiyo hiyo: kijani cha katikati, kivuli ndani ya mikunjo, mwanga juu yake. Nguo za vitani hupauka mabegani na huchafuka magotini. Kwa matope changanya udongo uliochekechwa na gundi ya seremala, uyapandishe kutoka kwenye viatu kwenda juu, maana matope hayashuki kutoka kichwani. Nyasi hufanywa kwa manyoya ya brashi kuukuu, na miti kwa mizizi midogo iliyokauka.

Neno la mwisho juu ya kazi hii ni juu ya ukweli. Watu kadhaa wameniuliza mbona sikumweka Idi Amin miongoni mwa askari wangu, kwa kuwa baba yake alikuwa mtu wa Koboko na inasemekana alipigana Burma. Sikumweka kwa sababu kumbukumbu za jeshi zaonyesha aliandikishwa mwaka 1946, na vita vilikuwa vimekwisha mwaka 1945. Jina moja kubwa limewafunika wengi waliokwenda kweli na kurudi kimya kimya mashambani kwao. Mwenye kufinyanga asiongeze mtu asiyekuwapo, wala asimwondoe aliyekuwapo.

Nilirudi Koboko baada ya miezi mitano, keya wangu akiwa katika kikopo kilichojaa pamba. Mzee alimtazama muda mrefu. Kisha akasema, “Kofia iinamishe zaidi kidogo.” Gundi ilikuwa imekwisha kukauka, ikanibidi niikate kofia kwa wembe na kuifinyanga upya, siku mbili nzima. Nilipomrudisha mara ya pili, mzee hakusema neno. Aliwaita wajukuu, akamweka sanamu juu ya kiganja chake, akawaambia, “Msalimieni babu yenu.” Nao wakamsalimu.

Keya huyo sasa anakaa Koboko, na aliye katika ubao wangu ni nakala yake. Wale sita wengine bado hawana majina. Nyuso zao nilizibuni, na jambo hilo halinipendezi. Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, naomba mnisaidie. Mwende likizoni mkaulize nyumbani kama kuna aliyekuwa keya, alifananaje, alitembeaje, alivaa kofia namna gani. Waulizeni na mama zenu, maana mara nyingi wanawake ndio hukumbuka sura. Andikeni hata kama ni mistari mitatu, kwa kuwa wale wanaokumbuka wamekuwa wazee. Nanyi wazee mliosoma hapa, ambao mna picha sandukuni, tuleteeni tuitazame kisha turudishe. Waya upo, na gundi haijaisha.