Usukani Mzito: Kosa ni la Chuma au la Oili?

Hiace ya zamani ikianza kuwa na usukani mzito, hukumu ya mtaani huwa moja: pampu imekufa. Mwenye gari anaelekezwa Kariakoo kutafuta ya mtumba, inafungwa, na si ajabu uzito ukabaki palepale, kwa sababu pampu ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Lakini tatizo hili linaweza kuchunguzwa kwa mpangilio, hatua za mwanzo bila hata kufungua nati moja, na kanuni inayouongoza mpangilio huo ni ya Mfaransa aliyefariki mwaka 1662.

Huyo ni Blaise Pascal. Maandishi yake juu ya vimiminika yalichapishwa mwaka 1663, mwenyewe akiwa kaburini. Alieleza kwamba kimiminika kilichofungiwa ndani ya chombo kikikandamizwa, presha inasambaa kila upande kwa kiwango kilekile. Chukua pistoni mbili zinazoshirikiana maji, moja ikiwa na eneo mara mia ya nyingine: mtu mmoja akisukuma ile ndogo anatoshana nguvu na watu mia wanaosukuma kubwa. Bei yake inalipwa kwa mwendo, maana ndogo lazima isafiri mara mia zaidi.

Hesabu ilikuwa tayari, ila kuipeleka karakana kulichukua zaidi ya karne. Joseph Bramah alipata hatimiliki ya mashine ya kukandamiza kwa maji mjini London mwaka 1795, na kilichomsumbua ni kuvuja: maji yalipenya pembeni ya pistoni. Fundi wake, Henry Maudslay, ndiye anayesifiwa kwa kupata dawa, yaani sili ya ngozi yenye umbo la kikombe ambayo presha yenyewe inaitanua na kuigandamiza kwenye ukuta wa silinda. Kadiri presha inavyopanda, ndivyo sili inavyoziba. Sili nyingi za mpira zilizomo kwenye magari leo zinafuata wazo hilo. Basi fikiria mtu anayemimina oili ya breki kwenye kopo la pawa stelingi kwa hoja kwamba zote ni hidroliki. Mpira wa sili hizo haukutengenezwa kwa oili ya breki. Unavimba na kulainika, na reki iliyokuwa nzima inaanza kuvuja. Toyota nyingi za rika hilo zinatumia ATF, ile ya giaboksi ya otomatiki, na mara nyingi imeandikwa kwenye kifuniko cha kopo kwa yeyote anayejali kusoma.

Aliyeiingiza kanuni ya Pascal kwenye usukani kwa namna inayofaa barabarani ni Mmarekani, Francis W. Davis, mhandisi wa upande wa malori katika kampuni ya Pierce-Arrow. Alionyesha mfumo wake mwaka 1926. Ujanja wake ulikuwa kwenye vali. Mtu angetegemea vali ifungwe na presha isubiri nyuma yake hadi dereva akunje usukani. Davis akageuza mambo: vali ibaki wazi, oili izunguke muda wote bila kizuizi, presha ipande pale tu usukani unapokunjwa. General Motors waliuchukua, wakaona gharama ni kubwa. Vita Vikuu vya Pili vikauhitaji kwenye magari mazito ya deraya, na mwaka 1951 Chrysler ikauweka kwenye Imperial, gari la kwanza dogo kuuzwa madukani likiwa na pawa stelingi.

Mpangilio huohuo ndio uliomo kwenye Hiace iliyoegeshwa mtaani kwenu. Injini inazungusha pampu kwa mkanda. Oili inakwenda kwenye vali iliyo mwishoni mwa shafti ya usukani, na ndani ya vali kuna kifimbo cha chuma kinachojipinda kidogo tu dereva anapokunja. Kule kujipinda kunaelekeza oili upande mmoja wa pistoni ya reki na kuirudisha ya upande wa pili kwenye kopo. Tairi lina upepo wa psi 40 hivi. Oili hii inaweza kupita psi 1000, sawa na kilo 70 kwenye kila sentimita mraba. Tuseme uso wa pistoni una sentimita mraba 8: huo ni msukumo wa kilo 560, kwa dereva anayekunja kwa mkono mmoja.

Sasa uchunguzi. La kushika ni kwamba oili haiongozi gari, inamsaidia dereva. Kutoka usukani hadi tairi chuma kimeungana moja kwa moja, na oili ikimwagika yote gari bado itakata kona, kwa jasho. Kwa hiyo uzito una asili mbili: ama chuma kinagoma, ama msaada haufiki. Anayeruka swali hilo anabahatisha kwa pesa ya mwenzake.

Pima kwanza upepo wa matairi ya mbele. Linaonekana jambo la kitoto, lakini kwenye Hiace injini iko chini ya viti, dereva amekaa juu ya magurudumu, na tairi lililolegea linalala chini kwa eneo kubwa zaidi. Kisha weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, nyanyua mbele kwa jeki, kalisha gari kwenye stendi, zima injini na uache usukani bila loki. Zungusha taratibu, maana oili iliyomo kwenye reki inahitaji muda wa kupita. Matairi hayagusi chini na pampu imelala, kwa hiyo kinachobaki ni chuma kitupu. Ukikuta bado ni mzito, pampu iache kabisa. Fungua ncha za tairodi, uone uzito unabaki upande wa reki au upande wa boljointi.

Usiisahau jointi ya shafti ya usukani. Kwa magari ya pwani, yanayolala kwenye hewa ya chumvi, mimi huishuku mapema. Kwa macho inaonekana nzima. Ishike kwa mikono miwili uikunje kila upande, ndipo utakuta mkono mmoja wa msalaba wake umeganda na unga wa kutu, mwekundu kama matofali, unachungulia kwenye vikombe vya beringi. Dalili yake barabarani ni uzito unaokuja na kuondoka ndani ya mzunguko mmoja wa usukani: mzito, mwepesi, mzito tena. Dalili nyingine ya chuma kugoma ni usukani kutorudi wenyewe katikati baada ya kona.

Matairi yakiwa juu na usukani ukizunguka bila shida, hamia kwenye oili. Fungua kopo injini ikiwa inanguruma, mtu mwingine akikunja kulia na kushoto. Ukiona povu, umefika penye kiini cha jambo, kwani Pascal alizungumzia kimiminika, na kimiminika hakikubali kubanwa kirahisi. Hewa inakubali. Mwanasayansi Robert Boyle alichapisha hesabu ya hewa mwaka uleule wa 1662 aliofariki Pascal: ongeza presha mara mbili, ujazo wa hewa unapungua nusu. Pampu inayosukuma povu inamaliza nguvu zake kubana mapovu kabla pistoni haijapata chochote, na inalia ikifanya hivyo.

Hewa hiyo inaingilia wapi wakati chini hakuna hata tone? Tazama paipu nene inayotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu. Hapo oili inavutwa, haisukumwi. Ni kama kunywa juisi kwa mrija uliopasuka: juisi haimwagiki popote, ila unavuta upepo. Klipu iliyolegea au mpira uliokakamaa kwa joto la injini unatosha. Ndiyo maana fundi anayetafuta uvujaji kwa kuangalia sakafu peke yake anaukosa huu. Klipu mpya na kipande cha paipu ni bei ya chakula cha mchana. Pampu si hivyo.

Injini ikiwa sailensa usukani ni mzito, ukikanyaga mafuta kidogo unalainika: angalia mkanda uliolegea au unaong'aa kwa kuteleza, halafu sailensa yenyewe iliyoshushwa mno, halafu ndipo pampu iliyochoka. Mzito gari ikishapata joto: oili imekuwa nyepesi na inapenya kwenye vibapa vilivyolika ndani ya pampu. Mzito asubuhi tu na baadaye unalainika: shuku sili za reki au za vali, zilizokakamaa au kuchimba mfereji mahali zinaposugua. Mzito kulia na mwepesi kushoto: pampu moja inahudumia pande zote mbili, na haina njia ya kupendelea, kwa hiyo tafuta kwenye vali au reki.

Gereji yenye geji ya presha inamaliza ubishi uliobaki. Geji inafungwa kati ya pampu na reki, ikiwa na koki. Ukifunga koki kwa sekunde chache tu, pampu inapiga ukuta na kuonyesha nguvu zake zote. Isipofika kiwango, angalia kwanza kama vali yake ndogo ya kudhibiti presha imekwama kwa uchafu, halafu ndipo uilaumu. Ikifika, fungua koki na ukunje usukani hadi mwisho: presha ikigoma kupanda kama mwanzo, oili inapenya ndani kwa ndani kwenye reki. Usishikilie hapo. Oili iliyozuiwa inarudi kupitia vali ya usalama na nguvu yote ya mkanda inageuka joto, jambo ambalo madereva wanaobana usukani hadi mwisho wakisubiri nafasi ya kuegesha wanalifanya kila siku.

Na ikithibitika kweli ni pampu, usiifunge mpya juu ya oili ya zamani. Pampu iliyokufa kwa kusagika imeacha unga wa chuma kwenye reki, kwenye paipu na chini ya kopo, na unga huo utapita kwenye ile mpya siku ya kwanza. Chomoa paipu ya kurudisha, ielekeze kwenye chupa, mbele ikiwa juu ya stendi na injini imezimwa; mtu mmoja akunje usukani huku na huku, mwingine aongeze ATF safi kwenye kopo, mpaka kinachotoka kiwe chekundu na unaweza kuona upande wa pili wa chupa.