Kondo la Nyuma Hujengwa Mapema

Akina mama wengi hulifikiria kondo la nyuma siku ya kujifungua tu. Lakini jinsi lilivyojengwa miezi ya mwanzo huweza kuamua usalama wa mama na mtoto.

Mimba inapotunga, seli za kondo hujichimbia katika ukuta wa mfuko wa uzazi. Kila seli imefunikwa na utando mwembamba, na juu ya utando huo kuna protini zinazofanya kazi kama vikono vya mmea utambaao: hushika, huachia, kisha hushika tena mbele. Kadiri seli zinavyoingia ndani, hubadilisha protini hizo mpaka zifanane na zile za seli za mishipa ya damu. Ndipo huingia katika mishipa ya mama na kuondoa misuli ya kuta zake. Mishipa iliyokuwa myembamba huwa mipana na kulegea, damu ikapita kwa wingi na kwa utulivu. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika katika wiki 20 za mwanzo.

Isipofanyika vizuri, kondo hukosa damu ya kutosha. Hapo hutoa vitu vinavyodhuru mishipa ya mama mwili mzima. Presha hupanda kufikia 140/90 au zaidi, mara nyingi protini huonekana katika mkojo, na mtoto huweza kudumaa. Hali hiyo ikiachwa huweza kuleta kifafa cha mimba. Si uchawi, wala mama hakuvunja mwiko.

Kwa hiyo, mama mpendwa, nenda kliniki kabla ya wiki 12. Mweleze mkunga kama una kisukari, ugonjwa wa figo au presha, au kama uliwahi kupata tatizo hili. Daktari anaweza kukuandikia aspirini kidogo kila siku, nayo yafaa ianzwe kabla ya wiki 20. Usijinunulie mwenyewe.

Ukiumwa sana kichwa, ukiona maluweluwe, ukivimba uso na mikono, au ukiumwa chini ya mbavu upande wa kulia, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Ipo dawa ya magnesi: utafiti mkubwa wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa hupunguza hatari ya degedege kwa nusu au zaidi. Lakini humsaidia mama aliyefika. Wewe mama mkwe, nawe baba wa nyumba, msiseme, "Tungoje kuche."