UZI: Tunabishana kuhusu hospitali, lakini nani anamweleza mgonjwa wa moyo?

1/ Kila kampeni ikipita hapa Mikinduri, mambo ya afya huja na ahadi tatu: jengo, mashine na bima. Sijawahi kusikia mtu akisimama juu ya gari na kuahidi kwamba mgonjwa wa presha atatoka kliniki akiwa ameelewa dawa zake. Leo tuongee kuhusu hiyo ahadi ambayo haipo. Kama kawaida, hapa hatutaji mwanasiasa wala chama.

2/ Nianzie nyumbani. Shangazi yangu alipatikana na presha. Akapewa dawa ndani ya bahasha ndogo, juu imeandikwa "1 x 2". Maana yake ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Yeye akaelewa kidonge kimoja kwa siku mbili. Dawa ya mwezi mmoja ikafika mwezi wa tatu. Na kwa sababu haikuwa imeisha, hakuona haja ya kurudi kliniki.

3/ Asubuhi moja mdomo ukapinda upande, maneno yakakataa kutoka. Kiharusi. Tulipokuwa tukitafuta kitambulisho chake ndio nikaipata ile bahasha. Baadaye nilipomuuliza, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilifuata vile waliandika." Na si uongo, alifuata.

4/ Sasa angalia hapa. Dawa ilikuwepo. Ilinunuliwa, ikatolewa, ikaandikwa kwa rejista. Ukifungua vitabu, huyo ni mgonjwa aliyehudumiwa. Mwanasiasa wa upande mmoja atamhesabu kama mafanikio, na wa upande mwingine hatajua kuna shida. Pengo lenyewe haliko kwa kitabu chochote.

5/ Hilo pengo ndilo wataalamu huita uelewa wa masuala ya afya. Si kujua kusoma tu. Ni uwezo wa kupata habari ya afya, kuielewa, kuipima kama ni ya kweli, na kuitumia. Kuna walimu wastaafu hapa kwetu ambao husoma gazeti kila siku lakini wameacha dawa za presha kwa sababu "nilipimwa nikapatikana niko sawa." Mzee, uko sawa KWA SABABU unameza dawa!

6/ Kwa nini magonjwa ya moyo hasa? Kwa sababu presha haiumi. Malaria itakulaza, utatafuta dawa mwenyewe. Presha unaweza kuishi nayo miaka ukilima na kucheka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya watu wazima Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Na aliyepimwa anaambiwa ameze dawa pengine maisha yake yote, kwa ugonjwa asiousikia. Mtu kama huyo anahitaji maelezo sawa na vile anahitaji kidonge.

7/ Tuje kwa mijadala. Hoja ya kwanza: "Hilo ni jukumu la mtu binafsi. Wapunguze chumvi, waache miraa." Kuna ukweli ndani yake. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Lakini nani amemwambia mama kwamba hesabu hiyo inaingiza pia chumvi iliyo kwa mkate, kwa krispi za watoto, na kwa viungo vya mchuzi vya pakiti?

8/ Na miraa, wacha niseme kama mtu wa hapa. Miraa ndiyo ilinilipia karo. Uingereza ilipoifungia mlango mwaka wa 2014, na Somalia ikafuata 2020 hadi 2022, tulilia wote. Kwa hivyo kwa siasa zetu miraa ni soko tu. Ukitaja moyo unaonekana msaliti. Lakini ndani ya miraa kuna kemikali inayopandisha presha na kufanya moyo uende mbio. Kumweleza mgonjwa wa moyo jambo hilo si vita dhidi ya mkulima. Tena mgonjwa akigombezwa "wacha miraa" bila maelezo, haachi. Anaficha. Na daktari hawezi kumsaidia kwa kitu kilichofichwa.

9/ Hoja ya pili: "Hiyo ni kazi ya serikali." Sawa, gani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imewapa kaunti hospitali na zahanati zao pamoja na kuendeleza huduma za afya ya msingi. Serikali ya kitaifa ina sera na hospitali za kitaifa za rufaa. Kwa hivyo kaunti ikikurushia Nairobi, na Nairobi ikikurudishia kaunti, jua mpira unachezwa. Ibara ya 43 inakupa haki ya afya. Ibara ya 35 inakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali.

10/ Hoja ya tatu: "Tumeshatuma wahudumu wa afya vijijini." Ni kweli, na ni jambo jema. Mwaka wa 2023 wahudumu wa jamii kama 100,000 walizinduliwa nchini, na ndani ya mikoba yao kuna mashine ya kupima presha. Swali langu ni hili: mashine ikisoma 160 kwa 100, mhudumu anasema nini baada ya hapo? Kwa Kimeru kinachoeleweka na nyanya wa Tigania? Amefunzwa hayo maneno, ama amefunzwa kubonyeza kitufe?

11/ Hoja ya nne: "Hakuna pesa." Hapa tuwe wakweli. Kuchora jua na mwezi kwa bahasha ya dawa ni wino tu. Kumwomba mgonjwa, "Hebu nieleze kwa maneno yako utameza vipi," ni dakika mbili. Lakini muuguzi mmoja ambaye foleni yake imefika kwa geti, hizo dakika mbili hana. Kwa hivyo gharama ipo, na ni ya wafanyakazi. Anayekuambia elimu ya mgonjwa ni bure anakudanganya kama yule anayesema haiwezekani.

12/ SHA nayo? Ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na tangu hapo kelele ni nani amelipwa na nani hajalipwa. Ni kelele ya haki. Lakini bima hulipia matibabu, haikusomei bahasha.

13/ Basi tudai nini? Kaunti hutoa mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, karatasi ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kuna vikao vya wananchi kutoa maoni. Huko nenda na maswali matatu:
– Kliniki yetu ya presha ina wauguzi wangapi siku ya kliniki?
– Maelezo ya dawa yanatolewa kwa lugha gani?
– Nani huwafuata wagonjwa ambao hawakurudi?

14/ Na kabla bajeti haijasomwa, mgonjwa wako nyumbani ajue haya:
– Jina la kila dawa, kipimo chake na saa zake.
– Namba zake za presha za mwisho. Kama ni 140 kwa 90 au zaidi, asikose kliniki.
– Dawa haiachwi kwa kujisikia vizuri. Anayeamua ni daktari.
– Mwenye moyo uliodhoofika ajipime uzito. Akiongeza kama kilo 2 ndani ya siku 3, miguu ikivimba, ama akishindwa kupumua akilala, arudi hospitali.
– Maumivu ya kifua yanayokaza na kwenda mkononi au kwa taya, uso kupinda, mkono kulegea, maneno kupotea: hospitali SAA HIYO, si kesho.

15/ Shangazi anaendelea. Bahasha zake sasa nazichora mwenyewe, jua na mwezi, na kila Jumapili tunahesabu vidonge pamoja. Presha imeshuka. Mkono wa kulia bado haujarudi, na msimu huu majani chai yake yanachunwa na watu wa kulipwa. Mtu akija kwako kuomba kura na habari ya mashine mpya, mwache amalize. Halafu muulize nani atamweleza mgonjwa.